Pesa za tabianchi na kikundi cha akina mama wa Nyamwamba

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, na wanaume wachache, tunaoishi karibu na mto Nyamwamba wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Mafuriko ya 2013 na ya Mei 2020 yalitubomolea nyumba na kubeba mashamba. Baadhi yetu tulipitia kambi ya waathirika ya Muhokya. Tuna kitalu kidogo cha miche. Tunataka kupanda mianzi kwenye kingo za mto na kutengeneza majiko sanifu ya kuuza. Redioni tunasikia kuna mabilioni ya dola za tabianchi kwa ajili ya watu kama sisi. Kuna bwana anataka tumlipe shilingi milioni 3 atuandikie andiko la kuomba ruzuku ya dola laki tano. Rasimu yake nimekutumia. Tumlipe? Kama si yeye, tuanzie wapi? Na andiko tuliandike kwa lugha gani, maana wengi wetu tunajua Kiswahili na Lukonzo tu?

JIBU:

Dada yangu katibu,

Poleni kwa yaliyowapata, na hongereni kwa kitalu. Naanza na lile la haraka: msimlipe. Wafadhili nitakaowataja hapa hawatozi ada ya kuomba, na kwa kawaida mfadhili harudishi pesa mliyotumia kumlipa mwandishi kabla mradi haujaanza. Milioni 3 hiyo ikitoka imetoka. Isitoshe, rasimu yenyewe nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Ukifuta jina la kikundi chenu na jina la mto, linabaki andiko la kikundi chochote kile, hata cha wilaya za mbali kama Yumbe au Kotido. Haisemi maji yalifika wapi, nani alipoteza nini, wala ninyi wenyewe mmefanya nini tangu 2020. Mambo hayo matatu ndiyo mali yenu kubwa mbele ya mfadhili, na hayamo.

Halafu kuna hiyo dola laki tano, ambayo ni kama shilingi bilioni 1.8. Kikundi ambacho pesa kubwa kiliyowahi kushika ni akiba ya wanachama hakipewi kiasi hicho, na kwa kweli nisingependa mpewe. Nimeshaona vikundi vya watu waliozikana na kuleleana watoto miaka nenda miaka rudi vikasambaratika ndani ya msimu mmoja kwa sababu ya pesa iliyoingia ghafla bila utaratibu wa kuishika. Ombeni kile mnachoweza kukihesabu wenyewe mkiwa mmekaa chini ya mti.

Mabilioni mnayoyasikia redioni yapo kweli. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao Songdo huko Korea Kusini, umeshaleta pesa Uganda. Mwaka 2016 uliidhinisha dola milioni 24.1 kwa mradi wa ardhi oevu za mashariki na kusini-magharibi. Pesa zilipitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na kazi ikafanywa na Wizara ya Maji na Mazingira. Ila mfuko huo unashughulika na taasisi zilizokwisha kuidhinishwa nao tu, na kwa upande wa serikali yetu anayesemezana nao ni Wizara ya Fedha. Kundi la miradi ambayo wao wanaiita midogo kabisa linafika hadi dola milioni 10. Nao mfuko wa hasara na uharibifu, yaani wa madhara ya tabianchi yaliyokwisha kutokea, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, umejengwa kuzungumza na nchi kwanza. Watafiti wa taasisi ya IIED ya London walifuatilia pesa za mifuko ya kimataifa ya tabianchi kati ya 2003 na 2016, wakakuta chini ya asilimia 10 ndiyo iliyoelekezwa mashinani.

Nakuambia haya ili usije ukadhani mmenyimwa kwa sababu hamjui kuandika. Sababu kubwa iko kwao. Kwa afisa wa mfuko, kusimamia mradi mmoja wa dola milioni 20 ni rahisi kuliko kusimamia ruzuku mia nne za dola elfu 50, ingawa hizo mia nne zingewafikia watu ambao mafuriko yaliwakuta usiku wamelala. Hilo ni kosa la mpangilio, linanikera, na watu wa mashinani wamelipigia kelele kwa haki. Mwaka 2021 mashirika na serikali kadhaa za wafadhili walianza kutia saini kanuni nane za kukabiliana na tabianchi kwa uongozi wa wenyeji. Ya kwanza inataka maamuzi yashuke hadi ngazi ya chini kabisa inayofaa, na ya pili inataka yashughulikiwe yale yanayowaweka nyuma wanawake, vijana, wenye ulemavu na waliohamishwa. Zikumbuke. Siku shirika kubwa litakapokuja kuwaomba mpige nalo picha na kutoa majina yenu kwa ajili ya andiko lake, waulizeni kama wametia saini, kisha waulizeni ni sehemu gani ya bajeti itakayoingia kwenye akaunti yenu.

Sasa mwanzie wapi. Mlango unaowafaa zaidi ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayosimamiwa na UNDP. Ilianza duniani mwaka 1992, na Uganda imo miaka mingi. Kwa muda mrefu kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, yaani kama shilingi milioni 180. Lakini ombeni chini ya hapo, hata nusu yake. Kuna pia ruzuku ya maandalizi, ndogo, hadi dola 5,000, ya kukisaidia kikundi kujipanga na kuandika mradi wake. Wanaoamua ni kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Wanataka kikundi kichangie, lakini mchango si lazima uwe pesa taslimu: kitalu, ardhi na nguvu kazi vinahesabika. Maombi hupokelewa kwa awamu, kwa hiyo ulizeni tangazo linalofuata katika ofisi ya UNDP Kampala au kwa afisa mazingira wa wilaya yenu.

Mlango wa pili ni mdogo zaidi: Global Greengrants Fund, ambao hutoa dola mia kadhaa hadi elfu chache kupitia washauri walioko kwenye nchi na kanda zenyewe. Huo hauombwi kwa kujaza fomu mtandaoni. Mshauri anawajua au anaambiwa habari zenu. Ndiyo maana nawashauri mjuane na mitandao kama Climate Action Network Uganda. Siyo kwa ajili ya semina, ni ili majina yenu yatajwe mahali ambapo hampo.

Mlango wa tatu watu wengi huupita tu barabarani, nao ni wilaya yenu wenyewe. Kasese ni moja ya wilaya za mwanzo Uganda kuingizwa kwenye utaratibu wa LoCAL wa UNCDF, mfuko wa mitaji wa Umoja wa Mataifa, ambapo ruzuku ya tabianchi inapitia bajeti ya serikali za mitaa. Humo kikundi hakipeleki andiko. Kinakwenda kwenye kikao cha mipango cha parishi na cha gombolola (ngazi iliyo juu ya parishi), kinasema ukingo fulani wa mto uingie kwenye mpango, kisha kinafuatilia hadi mkutano wa bajeti wa wilaya, ambao kwa kawaida huwa kati ya Oktoba na Novemba, kwa sababu mwaka wa fedha wetu unaanza Julai. Kazi hii inachosha na haina picha nzuri, lakini ukuta wa mawe au daraja mtaupata huko, kwani hakuna ruzuku ya kikundi inayojenga daraja.

Pesa ya Parishi, ile PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, iacheni kwa kazi hii. Shilingi milioni 100 za kila parishi kwa mwaka ni za kukopeshana, hadi milioni moja kwa kaya, na zinarudishwa na riba. Muanzi huvunwa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mama akikopa PDM kupanda muanzi ukingoni, deni litamfikia kabla ya muanzi.

Nirudi kwenye rasimu, maana hapo ndipo kuna mengi ya kusema.

Ukurasa wa kwanza unaahidi kwamba mianzi "itakomesha mafuriko ya Nyamwamba". Futeni sentensi hiyo. Mafuriko ya tarehe 1 Mei 2013 yana historia: mwaka uliotangulia, Februari 2012, moto uliunguza mimea juu milimani Rwenzori, mteremko ukabaki wazi, na mvua kubwa iliponyesha maporomoko yakamwagia mto udongo, magogo na mawe makubwa. Maji yaliyokuja bondeni yalikuwa yamebeba mlima. Safu ya mianzi haizuii jiwe la ukubwa wa gari. Inachoweza ni kushika udongo wa ukingo ili mto usizidi kula mashamba katika mvua za kawaida za kila mwaka, na kuwapa fito, vikapu na kuni. Msomaji anayeujua mto huo akikuta ahadi ya kwanza, anaweka andiko chini. Akikuta ya pili anaendelea kusoma, kwa sababu mmemwonyesha kwamba mnaujua. Tena tajeni aina ya muanzi: ule wa asili wa Rwenzori unapenda juu kwenye baridi, na bondeni kwenu mtahitaji aina nyingine, mkichanganya na nyasi kama vetiva zinazoshika udongo mapema wakati muanzi bado mchanga.

Jambo moja la kitalu, kwa kuwa mko jirani na Kilembe: msichukue udongo wa kujazia viriba kwenye marundo ya mabaki ya mgodi wa shaba, wala kwenye tope ambalo mto umelitoa huko. Kuna madini mazito ndani yake. Andikeni kwenye mpango udongo mtautoa wapi. Ni sentensi moja tu, nayo itawatenga na walioandika wakiwa hotelini.

Sasa bajeti. Nataka ukae na wenzako muusome ukurasa wa tatu mstari kwa mstari. Kuna mstari unaosema "vibarua wa kuchimba mashimo, shilingi 10,000 kwa siku". Mistari minne chini yake kuna "kumwagilia na kupalilia miezi sita, akina mama, mchango wa jamii", na kwenye safu ya malipo pameandikwa sifuri. Wachimbaji mnajua watakuwa nani: vijana wa kiume, kwa wiki mbili. Wamwagiliaji ni ninyi, kila asubuhi kwa nusu mwaka, mkiwa na mtoto mgongoni na jerikani kichwani. Kazi fupi ina mshahara, kazi ndefu ni mchango. Kisha utangulizi wa andiko hilohilo una aya mbili nzima kuhusu usawa wa kijinsia.

Usawa mfadhili makini anautafuta hapo kwenye safu ya malipo. Ama wote walipwe, ama wote wachangie, au kazi zote mbili zipangiwe kiwango kwa siku na kila kikundi cha watu kichangie sehemu ileile. Ongezeni mstari wa mtu wa kuangalia watoto siku za mafunzo, na nauli ya pikipiki kwa mwanachama asiyeweza kutembea kufika kwenye kikao. Ni pesa kidogo. Bila hizo, wanaoitwa walengwa huishia kwenye orodha ya majina na hawaonekani shambani. Na yale "mafunzo ya siku tano hotelini", yanayokula zaidi ya theluthi ya bajeti yote, yahamishieni kwenye kitalu chenu.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni ardhi, na rasimu haisemi neno. Ukingo mtakaopanda ni wa nani? Kwa kanuni za 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, mita 30 kutoka maji yanapofika juu kabisa ni eneo la hifadhi kwa mito mingi, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye orodha ya kanuni hizo. Mwenye shamba bado ni mwenye shamba, ila matumizi yake yana mipaka. Kwa hiyo mnahitaji vitu viwili. Kwanza, afisa mazingira wa wilaya aje, apime, na aandike kwamba upandaji wenu unakubalika. Pili, mkataba na kila mwenye kiwanja cha ukingoni, wenye saini yake na ya mke wake, ushuhudiwe na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, useme wazi kwamba mianzi ni ya kikundi na itavunwa na kikundi kwa miaka kadhaa mtakayokubaliana. Msipofanya hivyo, mianzi ikikomaa na kuwa na bei sokoni, mwenye ardhi ataikumbuka ardhi yake. Wakati huo ruzuku itakuwa imekwisha, na akina mama waliomwagilia hawatakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Waulizeni pia wanaotumia ukingo huo bila kuumiliki. Kama kuna wafugaji, Wasongora au wengine, wanaonywesha ng'ombe hapo, acheni njia ya kufikia maji na ichoreni kwenye ramani yenu. Nchi hii ina makovu ya uhifadhi uliofanywa bila kuuliza. Wabatwa, wenyeji wa misitu hiyo, walitolewa msituni Bwindi na Mgahinga ilipotangazwa hifadhi za taifa mwaka 1991, na ilichukua hadi Agosti 2021 kwa Mahakama ya Katiba kutamka kwamba walidhulumiwa. Kule Mlima Elgon, miti iliyopandwa kuanzia miaka ya 1990 kwa ajili ya biashara ya kaboni, yaani kuuza hewa ukaa ambayo miti inaiondoa angani, iliishia kukatwa na watu waliosema imepandwa kwenye ardhi yao. Mradi wenu ni mdogo, lakini aliyefungiwa njia ya maji haupimi udogo wake.

Makaratasi sasa, kwa ufupi. Kikundi kinachofanya kazi ndani ya gombolola husajiliwa wilayani kama shirika la kijamii chini ya Sheria ya NGO ya 2016. Anzeni na CDO wenu wa gombolola, yaani afisa maendeleo ya jamii, atawaelekeza, na kumwona ni bure. Muwe na katiba, akaunti ya benki yenye watia saini watatu wasiokuwa wa familia moja, na angalau mmoja wao awe mwanamke ambaye haogopi kukataa kusaini. Kumbukumbu za vikao ziwe na majina na maamuzi, pamoja na yale mliyobishana. Msiyasafishe. Msomaji akiona kwamba mwezi fulani mlikataa pendekezo la mwenyekiti na sababu imeandikwa, anajua kikundi kipo kweli. Daftari la akiba na mikopo mliyoendesha wenyewe liambatanisheni hata kama ni la penseli; kikundi kilichokopeshana shilingi elfu ishirini ishirini na zote zikarudi kimeshathibitisha kinachotakiwa kuthibitishwa.

Kama bado hamjasajiliwa na tangazo limetoka, mnaweza kuomba kupitia shirika lililosajiliwa liwapokelee pesa. Hilo linakubalika, ila mkataba uandikwe kabla ya kuomba, mkiwa bado marafiki. Useme watakata asilimia ngapi kwa usimamizi (mara nyingi ni kati ya 5 na 15), pesa zitahamishwa kwenu ndani ya siku ngapi baada ya kuingia, na kwamba mtapewa nakala ya taarifa ya benki kila mara. Shirika likikataa sharti la taarifa ya benki, tafuteni jingine.

Majiko sanifu ningeyatoa kwenye andiko hili la kwanza. Si kwamba ni kazi mbaya, la; yanapunguza kuni na moshi, na soko lipo. Lakini ni biashara, inataka mtaji unaozunguka na fundi anayerudia kitu kilekile mara mia bila kubadilisha vipimo, na mkiyachanganya na mto mtajikuta na miradi miwili nusunusu. Yanaweza kuanza na akiba yenu. Na mtu akija kuwaambia atawapa majiko bure ili mtie saini karatasi za kaboni, msitie saini siku hiyo. Mwombeni nakala, mpelekeeni afisa mazingira aisome, muulize mambo mawili: haki ya kuuza hiyo kaboni mnaitoa kwa miaka mingapi, na bei yake mtaambiwa na nani.

Umeuliza kuhusu lugha. Programu ya Ruzuku Ndogo, kwa utaratibu wake wa kimataifa, imekuwa ikikubali maandiko ya lugha za wenyeji, na hata ya video na picha. Ulizeni kama awamu ya Uganda mtakayoingia inaruhusu hivyo. Ikiwa wanataka Kiingereza, bado andikeni kwanza kwa Kiswahili, kikaoni, watu wakisema na wewe ukiandika. Wanaozungumza Lukonzo zaidi waseme kwa Lukonzo. Mkimaliza, mtafuteni mwalimu wa sekondari au kijana wenu aliyesoma atafsiri, mkimlipa posho ya siku chache. Kisha awasomee tafsiri kwa sauti, aya moja moja, akiirudisha kwenye Kiswahili. Pale atakaposoma jambo ambalo hakuna mtu kikaoni aliyelisema, mwambieni alitoe. Tarakimu zote za bajeti muwe nazo kwenye daftari la Kiswahili linalobaki kwa mweka hazina, kwa sababu mkaguzi akija atawauliza ninyi, na yule mfasiri atakuwa amesharudi chuoni.